Taa za bustani zinazovuka masika: mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga

Kila mwaka masika yakianza kukatika, mwezi wa tano kwenda wa sita, simu yangu huita kwa jambo moja. "Fundi, zile taa za nje zimekufa tena." Nikifika nakuta taa ni nzima na transfoma ni nzima. Nachimbua udongo kidogo kwa mkono, navuta waya, na tepu nyeusi inabanduka yenyewe, imelainika kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chini yake shaba haipo tena. Kuna unga wa kijani unaobaki vidoleni.

Wengi wakiona hivyo hununua taa nyingine za bei kubwa zaidi, wakaziunga vilevile. Masika yanayofuata tunarudi pale pale. Taa nyingi za bustani nilizoitwa kuzitazama hazikuharibika zenyewe. Ziliuawa na maungio, na zilizosalia ziliuawa na kebo nyembamba. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye vitu visivyoonekana kazi ikishaisha.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni kiwanja cha kawaida cha Dar es Salaam, mita 20 kwa 30: geti, njia ya pevingi hadi barazani, mwembe mkubwa mmoja, minazi miwili na ukuta wa mawe upande wa mbele. Taa tisa zinatosha hapo. Watu hushangaa nikisema tisa, lakini uwanja wenye taa ishirini huishia kuonekana kama kituo cha mafuta, na huoni tena mti wala ua.

## Volti 12, si 230

Umeme wa TANESCO unafika nyumbani ukiwa volti 230. Ukiupeleka huo bustanini bila kinga, siku jembe likikata kebo na ardhi imelowa, mtu anaweza kufa. Mfumo wa volti 12 unatumia transfoma iliyofungwa ukutani kushusha umeme kabla haujaingia ardhini. Jembe likikata kebo hiyo, taa zitazimika, basi.

Kuanzia transfoma kwenda nje unaweza kufanya mwenyewe. Upande wa volti 230, yaani soketi ya nje na kikata umeme chake, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwambie waziwazi kwamba soketi hiyo unaitaka chini ya RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme mara moja unapovuja. Kama una bwawa la kuogelea, taa za ndani ya maji usiziguse. Hiyo ni kazi nyingine yenye masharti yake.

## Vitu vya kununua na kuandaa

- Transfoma ya LED ya volti 12, wati 60, yenye alama ya IP65 au zaidi (maana ya alama hii iko hatua ya 3)
- Taa 5 za kuchomeka ardhini zinazomulika juu, wati 5 kila moja
- Taa 4 fupi za njia, wati 3 kila moja
- Kebo ya shaba ya nyaya mbili, 2.5 mm², yenye ganda la kutumika nje, mita 50
- Bomba la plastiki la kupitishia kebo, milimita 20
- Mipira ya kusinyaa kwa moto, ile yenye gundi ndani, saizi mbili tofauti
- Lehemu na kifaa chake cha kuchomea
- Maboksi madogo ya maungio yenye glandi (vile viziba vya kukaza vinavyobana kebo inapoingia kwenye boksi), IP67
- Silikoni isiyonuka siki (sababu iko hatua ya 7)
- Taima yenye betri ndani
- Mita ya kupimia volti
- Jembe, sururu, chepe, bisibisi, koleo, kisu, tepu ya kupimia, kamba na vijiti
- Tochi mbili zenye mwanga mkali

Tepu nyeusi haimo kwenye orodha hii. Kwa kazi ya chini ya ardhi, iache dukani.

## Hatua ya 1: Tembea uwanjani usiku kabla ya kununua taa

Najua mkono unawasha kwenda Kariakoo. Subiri. Mchana uwanja unaonekana wote kwa pamoja, kwa hiyo unadhani kila kitu kinastahili taa. Usiku ndipo unapoona giza liko wapi na linaficha nini.

Chagua usiku usio na mbalamwezi. Zima taa zote za nje. Mpe mtu mwingine tochi, wewe kaa barazani kwenye kiti unachokalia siku zote. Mwambie aiweke tochi chini, karibu na shina la mwembe, aelekeze mwanga juu. Kisha aivute nyuma hatua moja, halafu mbili. Utaona mambo yakibadilika mbele ya macho yako: tochi ikiwa karibu na shina, magamba ya gome yanatoka kama yamechongwa, ikivutwa nyuma, shina linakuwa bapa na majani ya chini ndiyo yanayowaka.

Rudia kwa kila kitu unachotaka kionekane, na pale unapopapenda choma kijiti. Usisahau kufanya hivyo ukiwa umesimama getini, kwa sababu mgeni anauona uwanja wako kutokea huko, na pia dirishani sebuleni.

Umbali huu umenisaidia mara nyingi:

- Mnazi: taa moja, sentimita 30 hadi 50 kutoka shinani. Shina jembamba halihitaji zaidi.
- Mwembe au mti wowote wenye kivuli kipana: taa mbili pande tofauti. Ukiweka moja, nusu ya mti itakuwa giza tupu.
- Ukuta wa mawe: taa karibu sana, sentimita 15 hadi 30, ili mwanga uupande ukuta na kila jiwe litoe kivuli chake. Ukuta uliopigwa plasta laini ufanyie kinyume, vuta taa nyuma, la sivyo kila kosa la mpiga plasta litaonekana.
- Njia: taa fupi kila mita 3 hivi, kushoto kisha kulia kwa kupishana. Zikipangwa sawasawa pande zote mbili, njia inakuwa kama ya kurukia ndege.

Umefaulu ukiwa na vijiti uwanjani, karatasi yenye mchoro wake, na idadi ya taa. Mfano wetu: mwembe 2, minazi 2, ukuta 1, njia 4.

Onyo: ngazi za barazani na mahali pevingi inaposhuka lazima vipate mwanga hata kama havina uzuri wowote. Wazee wetu wanaanguka hapo.

## Hatua ya 2: Jumlisha wati, chagua transfoma

Hii ni fupi. Taa 5 za wati 5 ni 25. Taa 4 za wati 3 ni 12. Jumla 37.

Transfoma usiipakie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa sababu inakaa nje kwenye joto letu na ikibanwa hadi mwisho haidumu. Ya wati 60 inabeba 48 kwa raha. Unabaki na nafasi ya taa mbili za baadaye.

Angalia pia kama transfoma inatoa AC (umeme unaogeuka upande mara kwa mara) au DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) na taa zinataka ipi. Zipo taa zinazokubali zote. Zile za DC pekee zina upande chanya na hasi, na ukizigeuza haziwaki. Watu wamerudisha taa nzima dukani kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi. Wati 37 kwa saa 5 kila usiku hazifiki uniti 6 kwa mwezi. Ile taa moja kubwa ya wati 50 inayowaka juu ya geti usiku kucha, saa 12, inakula uniti 18.

## Hatua ya 3: Chagua taa yenyewe

Dukani utaoneshwa umbo na bei. Wewe geuza boksi usome mambo matatu.

Alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP44 inavumilia matone. Ifunge chini ya kibaraza tu. IP65 inastahimili maji ya kurushwa kwa mpira wa bustani, hiyo ndiyo ya kawaida yetu. Taa inayozikwa ichukue IP67, kwa sababu mvua kubwa ikituama itakaa ndani ya maji.

Rangi ya mwanga. Inaandikwa kwa namba na herufi K. Chukua 2700K au 3000K, mwanga wa joto unaofanana na wa kandili. Taa za 6500K zinazojaa madukani zina weupe wa bluu unaofanya majani yaonekane mgonjwa. Zaidi ya hapo, wadudu wanaupenda mwanga wa bluu. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, mwenye taa nyeupe barazani atafagia mbawa asubuhi kwa ndoo. Mwanga wa joto hauwazuii wote, lakini unawapunguza kwa kiasi unachokiona kwa macho. Jioni ile wanapotoka kwa wingi, zima taa kwa saa moja.

Kama nyumba yako iko ufukweni kabisa, Kigamboni ya kusini au Mafia, kuna kingine cha kufikiria. Kasa wanataga kwenye fukwe hizo, na vifaranga vyao vikitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwangaza, ambao kwa asili ni bahari. Taa yako ikiangaza mchangani vitapanda kuja kwako, na huko vitakufa. Usimulike upande wa bahari hata kidogo, na taa zilizo karibu nayo ziwe fupi, zenye kofia, za rangi ya kahawia ya njano. Nalisema hili kwa uzito wote.

Mwili wa taa. Bara, aluminiamu iliyopakwa rangi vizuri inadumu. Pwani hali ni nyingine. Chumvi ya hewani inapenya kwenye mkwaruzo mdogo, rangi inavimba kama malengelenge, na ndani ya miaka miwili skrubu hazifunguki. Tafuta taa ya shaba, au ya stenlesi ya daraja la 316. Stenlesi ya 304 inang'aa vilevile dukani lakini karibu na bahari inapata madoa ya kutu. Ukikosa vyote, taa ya plastiki nzito ni bora kuliko ya chuma cha bei rahisi kilichopakwa fedha.

### Na za sola je?

Zina mahali pake. Kona ya mbali isiyofikika kwa kebo, nyumba isiyo na umeme, kiwanja kinachosubiri ujenzi. Lakini paneli inataka jua la moja kwa moja karibu siku nzima, kwa hiyo chini ya mwembe hazifai kabisa, na ndipo watu wengi wanapoziweka. Betri ndogo za ndani huchoka mapema. Uliza kabla ya kununua kama betri inatoka na kubadilishwa. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, unanunua taa ya kutupa.

Kama tayari una mfumo wa sola wa nyumba wenye betri ya volti 12, unaweza kuendesha taa za bustani za DC moja kwa moja humo, na umeme ukikatika mtaani bustani inabaki inawaka. Masharti mawili: weka fyuzi karibu na betri, na hakikisha taa zimeandikwa kukubali volti 10 hadi 30 au zaidi ya hapo, kwa sababu betri ikiwa inachajiwa inapanda kupita 14.

## Hatua ya 4: Kebo, na hesabu moja unayopaswa kuifanya

Kwenye volti 12 umeme unapotea njiani haraka sana. Kebo ikiwa nyembamba au ndefu kupita kiasi, taa ya kwanza inang'aa na ya mwisho inafifia kama mshumaa unaoishiwa.

Hesabu ni hii: ampea, mara urefu wa kebo kwa mita, mara 2 (umeme unaenda na kurudi), mara 0.0175, gawanya kwa unene wa waya kwa mm². Jibu ni volti zinazopotea.

Tuchukue mstari wa miti na ukuta: wati 25 gawanya kwa 12 ni ampea 2.1. Urefu mita 20. Kwa kebo ya 2.5 mm² zinapotea volti 0.6, taa ya mwisho inapata 11.4. Vizuri. Kwa waya ule mwembamba wa spika wa 0.75 mm², ambao ndio naukuta kwenye nyumba nyingi, zinapotea karibu volti 2. Taa inapata 10, na huo ndio mwanga hafifu unaolalamikiwa.

Usiunge taa zote tisa kwenye kebo moja ndefu inayozunguka uwanja. Toa mistari miwili kutoka kwenye transfoma: mmoja wa miti na ukuta, mita 20, mwingine wa njia, mita 25. Kila mmoja unabeba mzigo mdogo, na siku mmoja ukiharibika hutabaki gizani kote.

Onyo: sokoni kuna kebo inayoitwa shaba lakini ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kabla ya kulipa, omba kipande, menya, kisha kwangua waya kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Inapitisha umeme vibaya zaidi na ikilowa inaoza haraka.

## Hatua ya 5: Tandaza kila kitu juu ya ardhi, uwashe kwanza

Usichimbe bado. Tandaza kebo juu ya majani, weka taa kwenye vijiti, unga kwa muda kwa viunganishi vya skrubu, washa jioni. Pima volti kwenye taa ya mwisho ya kila mstari.

Umefaulu ukisoma volti 11 au zaidi na taa zote zinafanana mwanga. Ziache hivyo usiku mbili au tatu. Mara nyingi mwenye nyumba anahamisha taa moja au mbili katika siku hizo, na ni heri aihamishe sasa kuliko baada ya mtaro kufukiwa.

## Hatua ya 6: Chimba mtaro

Sentimita 30 kwenda chini. Wapo watakaokwambia 15 zinatosha kwa volti 12, na kwa usalama wa mtu ni kweli. Lakini jembe la mtunza bustani linashuka zaidi ya 15 bila kuona, na nimeunga kebo nyingi zilizokatwa kwa namna hiyo.

Pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, hasa mahali pa kupandia maua, chini ya pevingi na karibu na vichuguu. Mchwa wanatafuna ganda la kebo. Kwenye pevingi huna haja ya kubomoa njia nzima: ng'oa mstari mmoja wa matofali, chimba, laza bomba, rudisha mchanga na matofali.

Pita mbali na mizizi mikubwa ya mwembe. Mzizi mnene kuliko kidole gumba usiukate, pitisha bomba chini yake. Tandika mchanga mwembamba chini ya bomba kama ardhi ina mawe. Na kila penye taa, acha kebo ya akiba ya sentimita 30, uiviringe. Mti utanenepa, taa itahama, na siku hiyo utaihitaji.

Mtaro usiufukie sasa.

## Hatua ya 7: Maungio

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kama siku yako ni ya saa nane, tatu ziwe za hatua hii.

Elewa kwanza kinachotokea. Waya wa shaba unaotumika nje umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Maji yakiugusa sehemu iliyo wazi, yanapanda katikati ya nyuzi hizo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tepu nyeusi imeshikwa na gundi tu. Gundi ikikutana na joto na unyevu inalainika, tepu inafunguka ukingoni, maji yanaingia. Umeme wa DC ukipita kwenye unyevu ule unaila shaba kwa kasi. Miezi miwili ya masika inatosha.

Fanya hivi, ungio moja baada ya jingine, siku kavu:

1. Kabla ya kuunga chochote, vika mipira ya kusinyaa: mifupi miwili kwenye nyaya, na mrefu mmoja mnene kwenye kebo nzima. Ukisahau, utalazimika kukata ungio na kuanza upya.
2. Menya sentimita 2 za kila waya. Shaba iwe na rangi ya chungwa inayong'aa. Ikiwa imefifia au nyeusi, kata nyuma mpaka ufike penye kung'aa.
3. Sokota nyaya pamoja kwa nguvu, kuelekea upande mmoja, zishikane bila kuachia nyuzi nje.
4. Pasha moto waya wenyewe, kisha gusisha lehemu kwenye waya. Usiyeyushie lehemu kwenye kifaa ukaidondosha juu. Lehemu iliyoshika vizuri inatiririka na kuzama kati ya nyuzi, uso wake unakuwa laini. Iliyokaa juu kama tone la shanga haijashika.
5. Sogeza mpira mfupi juu ya ungio, upashe moto kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi inapotokeza kidogo ncha zote mbili, kama asali kwenye ukingo wa kopo, hapo umeziba.
6. Ukimaliza nyaya zote mbili, vuta ule mpira mrefu juu ya zote na upashe vilevile.

Ungio lililofanywa hivi linaweza kuzikwa. Lakini mimi bado naliweka ndani ya boksi dogo lenye glandi, kwa sababu kesho kutwa nitataka kulifikia. Glandi zielekee chini au pembeni, kamwe zisielekee juu, na kila glandi ikazwe mpaka kebo isizunguke mkononi. Weka kokoto kiganja kimoja chini ya boksi ili maji yashuke.

Onyo kuhusu silikoni. Ukiona nafasi kwenye glandi na ukataka kuziba, nusa tube kwanza. Silikoni nyingi za kuzibia vioo na masinki zinanuka siki. Hiyo harufu ni tindikali inayotoka wakati silikoni inakauka, nayo inaitafuna shaba. Utakuwa umeyafungia maji nje na tindikali ndani. Kwenye taa zangu za kwanza za nyumbani niliziba hivyo kila boksi kwa uangalifu mkubwa, na mwaka mmoja baadaye nikayafungua yote yakiwa na ule ule unga wa kijani. Omba ile isiyo na harufu hiyo, na kama muuzaji haelewi unachosema, fungua kifuniko unuse mwenyewe.

Umefaulu ukivuta ungio kwa mikono miwili kwa nguvu na hakuna kinachosogea, na ukitumbukiza boksi kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa huku taa zimewashwa, kisha ukafungua ukakuta pakavu.

## Hatua ya 8: Transfoma na taima

Funga transfoma ukutani, angalau sentimita 30 juu ya ardhi, chini ya kibaraza au mahali jua la mchana halipigi. Isikae ndani ya boksi lililozibwa kabisa, inahitaji kupumua. Kebo inayotoka iache ishuke chini kidogo kisha ndiyo ipande kuingia kwenye transfoma. Maji ya mvua yatafuata kebo, yatadondoka pale penye mbonyeo, na hayataingia ndani.

Taima kwetu ni rahisi kuliko kwa watu wa mbali na ikweta. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 mwaka mzima, kwa hiyo ukiseti saa 12 na nusu jioni hadi saa 5 na nusu usiku hutaigusa tena. Kumbuka taima za kidijitali zinasoma 18:30 na 23:30. Nimeikuta iliyosetiwa 12:30, bustani inawaka adhuhuri. Chukua yenye betri ndani. Zile za kuzungusha zinasimama umeme ukikatika, na baada ya wiki ya mgao taa zinawaka usiku wa manane.

## Hatua ya 9: Lenga taa usiku

Rudi barazani kwenye kile kiti chako. Kama unaona balbu yenyewe inakuchoma macho, taa hiyo haijalengwa. Unatakiwa uone mwembe, usione chanzo cha mwanga. Izungushe, iinamishe, au iweke kofia.

Kisha toka nje ya ukuta, utazame kutokea kwa jirani. Mwanga usiingie dirishani kwake. Ni bora ugundue wewe kuliko aje kubisha hodi.

Taa inayofungwa kwenye mti usiifunge kwa waya wa kuzungusha shina. Mti unanenepa na waya unaukata gome. Tumia skrubu mbili za stenlesi, uziache zimetokeza kidogo, uwe unazilegeza kila mwaka.

## Hatua ya 10: Mwagia maji, chora, fukia

Taa zikiwa zimewashwa, mwagia uwanja wote kwa mpira wa maji kwa robo saa. Pima tena volti kwenye taa za mwisho. Zikiwa zile zile za hatua ya 5, fukia mtaro: udongo laini kwanza, ushindilie kwa mguu, kisha uliobaki.

Kabla ya kufukia, piga picha za mtaro ukiwa wazi na tepu ya kupimia imelazwa ndani yake. Chora ramani yenye umbali wa kebo kutoka ukutani na mahali pa kila boksi, iweke kwenye mfuko wa plastiki, uibandike ndani ya kifuniko cha boksi la umeme. Mtunza bustani mpya akija, mwoneshe siku ya kwanza.

## Zikisumbua baadaye

Taa moja imezimika, nyingine zinawaka. Pima volti kwenye kebo inayoingia kwenye taa hiyo. Zikiwepo, taa imekufa. Zisipokuwepo, ungio lake limeachia.

Zote za mstari mmoja zinafifia. Fungua boksi lililo karibu zaidi na transfoma kwanza, si la mwisho kama wengi wanavyofanya. Ungio la mwanzo likiwa bovu linadhoofisha zote zilizo mbele yake.

RCD inakata kila mvua ikinyesha. Chomoa transfoma. Kama inaendelea kukata, maji yako kwenye soketi au kebo ya volti 230. Mwite fundi siku hiyo hiyo, na mpaka afike mtu asiguse soketi ile. Ikiacha kukata, transfoma imeingiwa na maji. Ibadilishe, usiikaushe juani ukairudisha.

Mwanga umepungua taratibu. Futa kioo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Vumbi, ukungu na kinyesi cha mijusi vinakula mwanga mwingi. Punguza majani yaliyoifunika. Mimi hufanya hivi kila baada ya miezi mitatu, na mwezi wa pili kabla masika hayajaanza nafungua kila boksi, natazama kama pakavu, nakaza glandi.